Kufuli liko kwenye sanduku, si kwenye mlango wa nyumba: WhatsApp, VPN na siri za simu yako

Kila siasa inapochemka huku Kivu, mashariki ya Kongo, odio zilezile hurudi kwenye magrupu ya Goma na Bukavu. Moja inasema kuanzia usiku wa leo simu zote za WhatsApp zinarekodiwa. Nyingine inasema weka VPN, ile programu inayopitisha intaneti yako kwenye mashine ya mtu mwingine, hakuna atakayekuona tena. Ya tatu inafundisha namba ya kupiga ili ujue kama unasikilizwa. Kuna anayefuta foto zote za familia kwa hofu, na kuna anayeandika mambo mazito bila kujali kwa sababu ameona neno chiffrement kwenye skrini. Wote wawili wamepotea mahali pamoja: wanadhani siri ya simu ni kitu kimoja, ama unacho ama huna. Ni vitu vitatu, na kila kimoja kinaibiwa kwa njia yake.

Cha kwanza ni yaliyomo: maneno uliyoandika, odio, foto, sauti ya mazungumzo. Cha pili ni alama za njiani, yaani habari kuhusu ujumbe: nani kamtumia nani, saa ngapi, mara ngapi, kupitia antena gani, kwa mega ngapi. Cha tatu ni kifaa: simu iliyo mkononi na kila kilichounganishwa nayo. Kusimba ujumbe, yaani kuugeuza usisomeke na asiye na ufunguo, ndiyo hiyo chiffrement, kunalinda cha kwanza tu, tena kikiwa njiani. VPN inagusa sehemu tu ya hicho cha pili. Cha tatu kinategemea mazoea ya mwenye simu, na ndiko siri nyingi zinakovujia.

Chukua boti linalotoka bandari ya Goma kwenda Bukavu. Una sanduku la bati la kumpelekea dada yako anayekaa Kadutu. Boti lina nahodha, wabebaji, na karani mwenye daftari la mizigo. Hutaki yeyote kati yao afungue. Ukifunga kwa kufuli lako, dada hana ufunguo. Ukimtumia ufunguo kwa boti hilohilo, mbebaji anaweza kuuchongea mfano kabla haujafika. Dawa yake ni hii: dada ananunua makufuli yanayojifunga ukiyabonyeza, anayatuma Goma yakiwa wazi, ufunguo anabaki nao. Wewe unaweka mzigo, unabonyeza, basi. Kuanzia hapo hata wewe uliyelifunga huwezi kulifungua. Ni dada peke yake.

WhatsApp inafanya hivyo. Siku unapoiweka, simu yako inatengeneza makufuli na funguo. Funguo zinabaki ndani ya simu. Makufuli yaliyo wazi yanatumwa kwenye mashine za WhatsApp ili kila anayetaka kukuandikia achukue moja. Kufuli hubadilika kwa kila ujumbe, kwa hiyo hata mtu akipata ufunguo wa leo, hafungui masanduku ya mwezi uliopita. Mbinu hii ilibuniwa na watu wa Signal, programu nyingine ya ujumbe, na WhatsApp ilimaliza kuiweka kwa watumiaji wote mnamo Aprili 2016: ujumbe, foto, odio, simu na magrupu.

Watu wanauliza: mwenye WhatsApp si ni kampuni ileile ya Facebook, ambayo sasa inaitwa Meta, iliyoinunua mwaka 2014? Yeye hana ufunguo? Kwa mazungumzo yenu ya kawaida, hana. Ila kuna milango ambayo sisi wenyewe tunaifungua. Mtu mliyekuwa mnazungumza naye akibonyeza Signaler kukushtaki, ujumbe wa mwisho hadi mitano katika mazungumzo hayo hutumwa kwa WhatsApp ukiwa unasomeka. Ukizungumza na Meta AI, ile duara ya rangi, unazungumza na kampuni yenyewe, kwa hiyo inasoma. Na ukiliandikia duka au benki, anayesoma upande wa pili anaweza kuwa kampuni nyingine iliyopewa kazi ya kujibu wateja.

Mwerevu atauliza jambo gumu zaidi: nitajuaje kwamba kufuli nililopewa ni la dada kweli, si la mtu aliyejipenyeza katikati? Swali hilo lina jibu. Fungua mazungumzo yenu, bonyeza jina lake juu, shuka hadi Chiffrement. Utaona alama ya mraba (kode ya QR) na tarakimu 60. Dada afanye vilevile kwa simu yake. Mkiwa pamoja, mmoja apige foto mraba wa mwenzake. Mkiwa mbali, someaneni tarakimu kwa simu. Zikilingana, hakuna mtu katikati. Zitabadilika mmoja wenu akibadilisha simu au akiiweka WhatsApp upya, na mara nyingi hiyo ndiyo sababu ya ule mstari unaosema kode ya usalama imebadilika. Ukiuona, mpigie mwenye namba usikie sauti yake kabla ya kumtumia pesa.

Na zile alama tatu za bluu, au mbili za bluu na moja nyekundu, zinazosemwa kuwa ni za serikali? Hazipo. Alama moja ya kijivu: umetuma. Mbili za kijivu: umefika kwenye simu yake. Mbili za bluu: amesoma. Zimeishia hapo, na ujumbe huo wa kutisha umezunguka nchi nyingi kabla ya kufika kwetu.

Sasa turudi kwa karani wa bandari. Hajafungua sanduku lako, lakini daftari lake linasema jina lako, jina la dada, siku, saa na kilo. Ukituma masanduku kumi kwa mtu mmoja katika usiku mmoja, karani hahitaji kuyafungua ili ajue kuna jambo. Hizo ndizo alama za njiani, na ninaona ndizo watu wa huku wanazidharau kuliko zote.

Kampuni ya simu inaona kwamba kadi yako ilikuwa kwenye antena ya Himbi saa mbili usiku, ikatumia mega kadhaa kwenda WhatsApp. Haijui umeandika nini wala umemwandikia nani. WhatsApp yenyewe inajua zaidi: namba gani imewasiliana na namba gani, lini, na uko katika magrupu gani. Kampuni huweza kuombwa habari hizo na mahakama, na inatoa ilicho nacho. Ndiyo maana kiasi kinachohifadhiwa ni jambo kubwa. Mwaka 2016 Signal ilipoamriwa na mahakama ya Marekani kutoa habari za mtumiaji, ilikuwa na vitu viwili tu vya kutoa: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganika. Mbinu ya kusimba ni moja kwa zote mbili. Daftari ndilo tofauti.

SMS na simu ya kawaida ni habari nyingine kabisa. Hilo ni sanduku lisilo na kufuli. Linafunikwa kati ya simu yako na antena, kisha kampuni inalipokea likiwa wazi. Kode za benki na za WhatsApp huja kwa njia hiyohiyo, na ndiyo sababu mtu akifaulu kupewa kadi mpya yenye namba yako, akaunti zako zinamfuata.

Kuna wanaodhani wakibadilisha kadi ya SIM wamekuwa watu wapya. Piga *#06# uone namba ya IMEI yenye tarakimu 15. Hiyo ni namba ya simu yenyewe, na antena inaisoma kadi yoyote ikiwekwa ndani. Kadi mpya ndani ya simu ileile ni dereva yule kwa gari lilelile, amevaa kofia nyingine. Wakazi wa Goma walio karibu na mpaka hutumia pia kadi za Rwanda kwa sababu rezo inavuka. Kadi hiyo inabadilisha tu nani anaandika daftari na sheria za nchi gani zinalitawala. Daftari linaandikwa vilevile.

Kuhusu zile namba za kujua kama unasikilizwa: *#21# inakuonyesha jambo moja, kama simu zinazokuingia zinaelekezwa kwa namba nyingine. *#62# inaonyesha zinakoenda simu yako ikiwa imezimwa au haina rezo, na mara nyingi ni sanduku la sauti la kampuni. Hazigundui usikilizaji. Lakini usizitupe, maana matapeli wanautumia mwelekezo huo: wanakupigia, wanakwambia umeshinda zawadi, piga nyota fulani, namba fulani, reli. Ukipiga, simu zako zinaenda kwao, halafu wanaomba kode ya WhatsApp isomwe kwa sauti badala ya SMS. Ukishuku hilo, piga ##002#, mielekezo yote inafutwa.

Tufike nyumbani. Sanduku limefika Kadutu salama, dada amelifungua, ameliacha wazi sebuleni. Kufuli halina kazi tena. Ujumbe ukishafika unasomeka kwa mwenye simu, na kwa yeyote aliyeishika.

Mlango wa kwanza wa kukagua ni Appareils connectés, kwenye zile nukta tatu za WhatsApp. Simu moja inaweza kuunganishwa na vifaa vinne. Mtu akiishika simu yako ikiwa imefunguliwa, nusu dakika inaweza kumtosha kusoma nayo mraba wa QR ulio kwenye kompyuta yake, na kuanzia hapo kompyuta yake inapokea kila unachoandika, hata wewe ukiwa mbali. Huhitaji kutafuta wapelelezi wa kimataifa. Mara nyingi ni mchumba, ndugu wa nyumbani, au kijana uliyemwachia simu ili iingie chaji. Ukiona kifaa usichokijua, kibonyeze, ukiondoe. Kifaa kilichounganishwa hujitoa chenyewe iwapo simu kuu haijatumika siku 14, lakini simu yako unaitumia kila siku, kwa hiyo usingoje.

Wa pili ni akiba, yaani nakala ya mazungumzo inayotunzwa nje ya simu. Wengi wamewasha akiba ya Google Drive ili wasipoteze mazungumzo simu ikianguka ziwani. Nakala hiyo, usipochagua kuifunga, haina kufuli la WhatsApp. Anayeingia kwenye akaunti yako ya Google anaifikia. Tangu Oktoba 2021 unaweza kuifunga: Paramètres, Discussions, Sauvegarde, kisha Sauvegarde chiffrée de bout en bout. Utachagua neno la siri au ufunguo wa tarakimu na herufi 64. Andika kwenye karatasi na uitunze, maana ukiipoteza, WhatsApp haiwezi kukurudishia, Google pia haiwezi. Papo hapo chagua akiba itumwe kwa Wi-Fi tu, la sivyo video za grupu zitakumalizia mega usiku.

Wa tatu ni GB WhatsApp na ndugu zake. Najua kwa nini inapendwa: inaficha kwamba uko mtandaoni, inaonyesha ujumbe uliofutwa, inabeba namba mbili. Lakini fikiria imekujaje. Mtu usiyemjua amechukua programu ya WhatsApp, ameifumua, ameongeza vyake, ameishona tena. Ujumbe wako unafungwa na kufunguliwa ndani ya programu hiyo, kwa hiyo aliyeishona anaweza kuweka tundu na hutaliona. Kufuli linaweza kuwa zima kabisa huku sanduku halina sehemu ya chini. Aidha WhatsApp huzifungia namba zinazoitumia. Ukitaka namba mbili, WhatsApp ya kawaida inaruhusu akaunti mbili kwa Android yenye kadi mbili.

Halafu fundi. Simu iliyovunjika kioo inapelekwa Birere, na fundi anaomba kode ili ajaribu kama kioo kipya kinaitikia mguso. Huhitaji kumpa. Mguso unajaribiwa hata kwenye skrini iliyofungwa: kuandika kode yenyewe, kupiga simu ya dharura, kufungua kamera. Kaa hapo mpaka amalize. Ikibidi simu ilale kwake, toa kadi ya SIM na kadi ya kumbukumbu kwanza.

Foto nazo zina maneno yasiyoonekana. Kamera ikiruhusiwa kujua mahali, inaandika ndani ya foto ilipigwa wapi na saa ngapi. Ukiituma WhatsApp kama foto ya kawaida, inabanwa na maandishi hayo yanaondolewa. Ukiituma kama dokima (Document) ili ibaki na ubora, yanabaki yote. Anayepiga foto ya tukio la mtaani Ndosho akiwa dirishani kwake, akaituma kama dokima, ametuma pia nyumba yake.

Na kufuta? Ukibonyeza Supprimer pour tous una siku mbili na saa chache za kufanya hivyo. Inafuta kwenye mazungumzo. Haifuti foto ya skrini aliyopiga mwenzako, wala maneno yaliyobaki kwenye historia ya arifa, ambayo Android ya 11 na kuendelea inaweza kuyatunza kwa saa 24. Ujumbe wa kujifuta wenyewe baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 ni bora zaidi, kwa sababu haungoji ukumbuke. Grupu la watu 200 lisikupe moyo kwa sababu limesimbwa: kuna funguo 200, na huwajui wote.

Tumeacha VPN hadi sasa kwa kusudi. Bila daftari na nyumba, haieleweki.

VPN ni msafirishaji wa katikati. Badala ya kupeleka sanduku bandarini wewe mwenyewe, unampa yeye; analitia ndani ya kreti lake kubwa, na karani wa Goma anaandika tu: kreti la fulani, linakwenda Uholanzi. Huko analitoa, analipeleka linakotakiwa. Kwa hiyo kampuni ya simu haioni tena unatembelea nini, na mtandao uliofungwa hapa unafunguka, kwa sababu kwa macho ya karani huendi huko. Februari 2025, TikTok na X zilipozuiwa nchini, watu wengi waliikimbilia kwa sababu hiyo, na kweli inafanya kazi.

Inachokosa kusemwa ni kwamba daftari halijafutwa. Limehamia kwa msafirishaji. Sasa yeye ndiye anayejua kila unakokwenda. Facebook ilinunua kampuni ya Onavo mwaka 2013. VPN yake ilitangazwa kama kinga, huku ikikusanya habari za programu ambazo watu wanatumia. Mwaka 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili za Meta zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watu kuhusu jambo hilo. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya VPN ya bure ni: anayelipa mashine na umeme ni nani? Proton VPN, ya Uswisi, ina ngazi ya bure inayolipiwa na wateja wa ngazi ya juu; hilo linaeleweka. Programu iliyojaa matangazo, isiyosema mmiliki, inayoomba kusoma majina ya simu yako na SMS zako, imekwisha kujibu swali. VPN haihitaji SMS kwa kazi yake.

Kuna pia yale mafaili ya "mega za bure" yanayouzwa kwenye magrupu ya Telegram. Yanaidanganya kampuni ya simu kwamba unatembelea ukurasa usiolipiwa, kisha yanapitisha kila kitu kwenye mashine ya mtu asiyejulikana. Mega unapata. Daftari lako lote amepata yeye, na kurasa zisizo na https anazisoma wazi. Hata hiyo https ina mpaka wake: herufi hizo mwanzoni mwa anwani zinasema njia imefungwa, hazisemi mwenye ukurasa ni mwaminifu. Ukurasa wa wezi wa nywila nao unazo.

VPN haipunguzi mega. Inaongeza kidogo, kwa sababu kreti nalo lina uzito. Haifichi uliko ikiwa umeiruhusu programu kutumia GPS. Haikufichi kwa Google ikiwa umeingia kwa akaunti yako. Kwa wachezaji wa Free Fire, kwa kawaida inaongeza ping, yaani muda wa kuchelewa, maana safari imerefuka; inasaidia tu pale kampuni inapopitisha mchezo kwa njia mbovu. Na intaneti ikikatwa yote, kama ilivyokatwa kuanzia tarehe 31 Desemba 2018 kwa karibu majuma matatu baada ya uchaguzi, VPN haina njia. Msafirishaji anahitaji ziwa lenye boti.

Navigation privée, ule ukurasa mweusi wa Chrome, haina uhusiano na haya yote. Inazuia simu yako kukumbuka ulikopita. Kampuni ya simu na tovuti zinaona kama kawaida.

Sheria ipo, na inafaa ijulikane. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kongo inampa kila mtu haki ya maisha yake ya faragha na siri ya barua na mawasiliano yake, na inasema haki hiyo haiguswi isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Code du numérique ya tarehe 13 Machi 2023 imeweka kanuni kuhusu data za watu. Kwa hiyo anayeficha mazungumzo yake hafanyi kosa kwa kuyaficha. Mama anayepanga deni lake na muuzaji, mgonjwa anayemwandikia daktari, kijana anayeomba ushauri: wote wana haki ya sanduku lililofungwa.

Kwa mwenye muda mfupi, kazi ya leo ni ya dakika kumi. Angalia Appareils connectés. Washa Vérification en deux étapes, uweke PIN ya tarakimu sita pamoja na barua pepe. Hapo hata mwenye kadi yako hataingia WhatsApp kwa kode ya SMS peke yake. Ficha maneno ya arifa kwenye skrini iliyofungwa, kwa sababu kode za siri huonekana hapo bila simu kufunguliwa. Kisha weka PIN kwenye kadi ya SIM yenyewe, kupitia Sécurité katika mipangilio ya simu, ili mwizi akiihamishia kwenye simu nyingine isiamke na kupokea SMS zako za M-Pesa au Airtel Money. Kadi itakuomba kwanza PIN iliyotoka nayo dukani, usiikisie. Ukikosea mara tatu itadai PUK, kode ya kuifungulia yenye tarakimu 8, na ukikosea hiyo mara kumi kadi inakufa. Kwa kawaida PUK imeandikwa kwenye kile kiplastiki ulichokibandua kadi siku ya kwanza. Kitafute, ukiweke nyumbani, mbali na simu.